Amu na watoto: njia ya mashambani kutoka Langoni mpaka Shela, kwa miguu na bila haraka

MamaWatatu

Assalaam aleikum wanajamvi.

Shule zimefungwa, na kila nyumba hapa Amu (Lamu) swali ni moja: watoto tuwapeleke wapi? Jibu la siku zote ni pwani ya Shela. Pwani sina neno nayo, ni nzuri. Lakini wanangu watatu (miaka 12, 8 na 5) wameikinai, na mama yangu ambaye ametimiza 70 mwaka huu hawezi tena kukaa kutwa kwenye mchanga ule usio na kivuli. Basi tangu mwaka jana tumekuwa tukitembea njia ya nyuma, ya mashambani, na leo nataka niwaandikie niyajuayo. Nimeona hata watu waliozaliwa humu mjini, mtaa wa Mkomani, hawajapata kuipita. Mbele ya mji wanapajua nyumba kwa nyumba na boti kwa boti. Nyuma ya mji hawapajui.

Kwanza msitarajie mlima. Kisiwa chetu ni cha chini. Ila ardhi hupanda kidogo ukiipa bahari mgongo, kisha huenda ikipanda na kushuka kwa vilima vya mchanga vilivyoota minazi na miembe, mpaka unapokutana na vile vilima vikubwa vya Shela. Mtoto wa miaka 5 anaipita yote kwa miguu yake. Mama yangu anaipita na mkongojo, akipumzika mara tatu. Kwa njia ya ufukweni kutoka mjini mpaka Shela ni kilomita 3 hivi, mtu mzima hutumia dakika 40 au 45. Kwa njia hii ya nyuma sisi hutumia masaa mawili na zaidi, maana tunasimama kila penye kitu cha kutazama, na vipo vingi.

Sisi huanzia mtaa wa Langoni, tunaupita Usita wa Mui (njia kuu ya mji) na kupanda kwa vichochoro mpaka Msikiti wa Riyadha, ule wa Habib Swaleh unaosomewa Maulidi. Hapo mji wa mawe umekwisha. Zinaanza nyumba za makuti, mbuzi, kuku, nguo zimeanikwa, halafu ghafla nyumba zinakatika na mguu unazama kwenye mchanga. Ukifika hapo ujue umeingia njiani. Kushoto na kulia ni nyua za makuti, na ndani ya ua ni minazi, miembe, mikanju (ndugu zetu wengine huiita mikorosho), ndimu, mapera, hapa na pale mkwaju mkubwa. Ukiishika njia pana ya punda huwezi kupotea, kwa kuwa punda wamekwisha kukuchagulia penye mchanga mgumu.

Neno la maana kuliko yote: tokeni mapema. Mwezi huu wa 12 upepo ni kaskazi na jua halina huruma. Saa 12 na nusu asubuhi sisi tuko Riyadha, na ikifika saa 3 tunataka tuwe tumeliona paa la kwanza la Shela. Mwaka jana nilifanya kosa la kutoka saa 4. Mwanangu mdogo alikuwa na ndara, ndara zikajaa mchanga akazivua, na baada ya hatua kumi akaanza kulia kwa kuungua nyayo. Nilimbeba kwa leso mgongoni njia nzima iliyobaki, maji yametuishia, na mama yangu amekaa chini ya mwembe wa watu hawezi kuendelea. Mwenye shamba alitupa maji ya kisimani na akamkalisha mama kwenye kitanda cha kamba mpaka alasiri. Sijamsahau katika dua zangu. Lakini mtu haendi na watoto akategemea kupata mwema kama huyo.

Kwa hiyo: viatu vya kufunga, kofia au mtandio, maji lita moja kwa mtu mzima na nusu yake kwa mtoto. Chakula si lazima kiwe kingi. Sisi hufunga mahamri na mbaazi, na chupa ya chai ya tangawizi kwa ajili ya mama.

Nikipata nafasi nitaeleza vituo vyetu. Waliowahi kupita nao waongeze.

Mgeni wa Mokowe

Asante dada. Swali: nina mtoto wa mwaka mmoja na nusu, na mke wangu amenunua kigari cha kumsukuma. Kitapita?

MamaWatatu

Hakipiti, ndugu yangu. Mchanga utayameza magurudumu kabla hujazimaliza nyua za kwanza. Mfungeni mgongoni kwa leso, mpokezane wewe na mama yake. Na mkiwa na mtu mzima asiyeweza kutembea, zungumzeni na mwenye punda tangu jana yake, mpatane bei, mwambieni aweke shogi (mifuko ya mgongoni mwa punda) zenye godoro na si zile za kubebea mawe. Punda mmoja alitufaa sana siku tuliyokwenda na khalati (mama mdogo), mwenye magoti mabovu. Ila asipandishwe watu wawili, na apewe maji. Hapa kwetu pana hospitali ya punda tangu 1987, na bado tunawaona wenye vidonda vya kamba mgongoni. Ukimwona mnyama ana jeraha, usimkodi, mwambie mwenyewe kwa adabu ampeleke akatibiwe.

KifuoChaBabu

Bi MamaWatatu umenikumbusha mbali. Mimi nimelelewa kwenye shamba moja katika hayo, nyuma ya Langoni, na mpaka sasa nashona makuti. Niruhusu niongeze mambo mawili matatu kwa wanaokuja na watoto.

Mtoto wa mjini ukimuuliza nazi inatoka wapi atakwambia dukani. Msimamisheni chini ya mnazi mfupi (kando yake, si chini hasa, nitaeleza) mumwonyeshe juu. Kile kidogo kilichoanguka chenyewe, ukubwa wa kidole gumba, ni kidaka. Kikikua kabla ya kuwa na maji ya maana ni kitale. Kisha dafu, lenye maji matamu na nyama laini ya kukombwa kwa kijiko. Kisha koroma, si dafu tena na nazi haijawa, maji yake yamepungua utamu. Kisha ndio nazi. Na nazi ikiachwa ikachipua, ndani yake hujaa kitu cheupe kama sifongo, joya, na sisi watoto tulikuwa tukipigania joya kuliko halua. Mti mmoja hubeba karibu zote kwa wakati mmoja, juu kwa chini, na mtoto akishaonyeshwa mara moja hasahau. Mjukuu wangu wa miaka 6 sasa ananiambia mimi: babu, lile si dafu, lile koroma. Na kweli ni koroma.

Mkimkuta mtu anafua nazi muombeni ruhusa mtazame. Kifuo ni chuma au mti mgumu uliochongoka, umesimikwa ardhini ukielekea juu. Mtu huishika nazi kwa mikono miwili, huipiga kwenye ncha, huizungusha, hukandamiza, na kumbi linatoka vipande vitatu au vinne. Anayejua humchukua chini ya dakika moja. Watoto wakae mbali na asiguse mmoja wao, ile ncha haina mchezo.

Makuti nayo yana aina. Yale ya nyua mnayopita katikati yake ni makuti ya kumba, kuti linapasuliwa kati na majani yake kusukwa yenyewe kwa yenyewe. Ya kuezekea ni makuti ya viungo, jani linakunjwa juu ya ufito na kushonwa. Mtu akiezeka nyumba kwa makuti ya kumba, mvua ya kwanza itamfundisha.

Hatari sasa. Msikae kupumzika chini ya mnazi hata kama kivuli ni kizuri. Kaeni chini ya mwembe au mkwaju. Kanju mbichi watoto wasiibanje kwa meno: ganda lake lina mafuta yanayounguza midomo na ngozi. Bibo lenyewe, lile tunda, wale, ila nguo ikipata maji yake haitakati. Embe lioshwe utomvu kabla ya kupewa mtoto. Na ukiona mmea unatambaa uani wenye maganda ya manyoya ya rangi ya kahawia, ni upupu. Piteni mbali, upepo ukiwa mkali usimame upande unakotoka upepo.

Bint Bajuri

Maembe yaliyoanguka njiani je? Watoto wangu wakiona embe chini hawashikiki.

KifuoChaBabu

Lililoanguka nje ya ua, juu ya njia ya watu, kwetu tulikuwa hatugombezwi. Lililo ndani ya ua lina mwenyewe hata kama limeoza. Lakini kwa nini mfike huko? Piga hodi. "Hodi wenyewe, watoto wameona maembe." Hutarudi mikono mitupu, hasa msimu huu. Na ulipe. Mwenye shamba ambaye dalali humpa senti kwa kikapu kizima atafurahi mkimnunulia kumi kwa bei ya haki. Ulizieni ngowe, lile refu lenye mdomo uliopinda kama ile ngowe yenyewe ya kuangulia matunda. Halina nyuzi. Embe dodo litakushibisha, ngowe litakurudisha.

Msafiri wa Bara

Nawasalimu. Mimi natoka Nyeri, nafanya kazi hapa Lamu mwaka wa pili. Jumapili tulikwenda na mke na watoto wawili kwa maelezo haya. Ni njia nyepesi, hilo ni kweli kabisa, kwetu watoto wanapanda mashamba ya majani chai yaliyosimama kama ukuta, hapa ni kama kutembea uani. Lakini tulipotea. Kuna mahali njia inagawanyika mara tatu karibu na kisima chenye ukuta mweupe, tukashika ya kushoto, ikatufikisha mbele ya geti lililofungwa. Tulirudi nyuma kama robo saa. Binti yangu alichomwa na kitu kidogo chenye miiba, kama nyota, kiliingia kwenye soli ya kiatu.

MamaWatatu

Pole sana, na pole kwa mtoto. Hiyo ni mbigili. Ndiyo maana nikasema viatu vya kufunga, ila nilipaswa kusema pia soli iwe nene. Ukiketi kupumzika kagueni soli zote.

Kuhusu hapo mlipopotea: kosa ni langu, sikueleza. Mwaka jana njia ya kushoto ilikuwa wazi na ndiyo iliyokuwa fupi. Mwaka huu pamejengwa ukuta wa mawe na geti. Sasa tunashika ya kati, tunauzunguka ukuta ule wote, halafu tunarudi kwenye njia ya punda penye mkwaju. Mnaongeza dakika kumi. Mkiona mnashuka kuelekea bahari mapema mno, mmeikosa.

Mwana wa Amu

Mimi naona ungeiacha njia hii bila kuiandika. Leo ni wewe na watoto wako. Kesho ni makundi ya watu thelathini na spika, keshokutwa mtu ananunua shamba akajenga nyumba ya wageni. Njia za nyuma zimebaki salama kwa sababu hazijulikani.

MamaWatatu

Kaka yangu, nimelala nalo neno lako usiku mzima, nami nalichukua kwa uzito wake. Lakini tazama ule ukuta. Aliyeujenga hakuona kama anaziba njia ya mtu, kwa sababu siku alizokuja kukagua hakumkuta mtu akipita. Aliona ni mchanga mtupu. Bibi zetu walipita pale kila siku na mitungi kichwani, watoto walipita kwenda chuoni kusoma Kurani, na hakuna ambaye angethubutu kuweka jiwe. Tulipoanza kupanda boti na bodaboda, miguu ikatoka. Njia ya shambani haina hati wala jina kwenye ramani. Hati yake ni watu wanaoipita na wenye mashamba wanaowajua watu hao kwa sura.

Makundi na spika sitaki kama wewe. Ndiyo maana nasema familia, nasema hodi, nasema asubuhi. Mwenye shamba yule aliyempa mama yangu maji ananijua sasa. Nikipita bila kusimama hulalamika. Nikimwambia kuna ukuta unajengwa mahali, yeye ndiye atakayekwenda kwa wazee kabla yangu, maana na yeye punda wake hupita hapo. Tukikosa kupita, tutakwenda kuongea kwa haki ya nini?

Mwana wa Amu

Hapo kwa haki ya nini umenishika. Nitakuja nione.

Bibi wa Gardeni

Wanangu, mimi simu naandikiwa na mjukuu. Ndia hiyo nalikipita na mamangu tukenda kuteka mai, na sikujua kama yuko mtu yeo aikumbukao. Kisima cha ukuta mweupe tulikiita kisima cha mdimu, mdimu wenyewe umekufa zamani. Mai yake ni matamu kuliko ya bomba. Mukifika munisalimie mwenye shamba, mwambieni mtoto wa fundi wa majahazi bado yu hai.

MamaWatatu

Bi mkubwa, Mungu akuweke. Nimemsomea mama ujumbe wako akalia. Tutazifikisha salamu.

Na kwa kuwa umekitaja kisima, nieleze kituo hicho, ndicho watoto wangu wanachokipenda kupita vyote.

Kisima kile ukingo wake ni wa mawe ya matumbawe, na juu ya jiwe la upande wa mashariki kamba imechimba mifereji. Niliihesabu na binti yangu: mifereji 7, mmoja una kina cha kidole chake kizima. Alitia kidole akauliza, kamba inakata jiwe? Nikamwambia kamba na mikono na miaka. Kando pana birika dogo la kunyweshea punda, na kata ya kifuu yenye mpini mrefu imening'inizwa kwenye mti. Mwenye shamba humruhusu kila mtoto ateke mara moja. Mtoto wangu wa miaka 5 ndoo humzidi nguvu, basi sote huishika kamba pamoja.

Siku moja huyu wa kati aliyaonja akauliza jambo ambalo sikuwa na jibu lake: mama, bahari iko hapo nyuma tu, mbona maji haya si ya chumvi? Mwenye shamba akalijibu vizuri, nami nikaenda kuliuliza kwa mwalimu mmoja wa jiografia, akanithibitishia. Mvua ikinyesha kwenye mchanga haipiti juu ikaenda zake, inazama. Chini inakutana na maji ya bahari yaliyopenya kisiwani. Maji ya mvua ni mepesi, ya chumvi ni mazito, basi ya mvua hukaa juu yake kama mafuta juu ya mchuzi. Kisima kikichimbwa kwa kiasi hufika kwenye yale ya juu. Ukivuta kwa pampu kupita kiasi, ya chini hupanda, na kisima kilichoingia chumvi si rahisi kirudi.

Vilima vya Shela vinafanya kazi hiyo hiyo kwa mji mzima. Vile si marundo ya mchanga yaliyoachwa na upepo basi. Ndiyo ghala la maji yetu, na visima vinavyonywesha mji wa Amu viko kule Shela, chini ya ule mchanga. Ndiyo maana ninapofika na watoto penye vilima siwaachi kuteleza penye majani wala kung'oa yale majani yatambaayo. Majani ndiyo yanayoushika mchanga. Tunapanda kwa njia ya miguu iliyokwisha kupitwa, tunasimama juu, tunashuka kwa njia ile ile.

Na pale juu, wanajamvi, sijui nieleze vipi. Mbele ni bahari kuu na pwani yake ndefu, kilomita 12 hivi za mchanga. Kushoto ni mkondo wa bahari na Manda ng'ambo. Chini ni Shela, na mnara wa Msikiti wa Ijumaa uliojengwa 1829, mweupe, mnene chini na mwembamba juu. Ukigeuka ulikotoka, ni vilele vya minazi tu mpaka mjini, huwezi kuamini umetembea humo ndani. Hapa ndipo ninapowaambia watoto habari za Vita vya Shela, mwanzoni mwa karne ya 19, Wamvita (watu wa Mombasa) na Wapate (watu wa kisiwa cha Pate) walipokuja na majahazi kuuvamia Amu na wakashindwa pwani hii hii, majahazi yao yakiwa yamekwama maji yamepwa. Baada ya vita Waamu waliogopa kulipiziwa kisasi, wakapeleka watu kwa Seyyid Said wa Omani, na ngome yetu pale sokoni ikamalizwa 1821. Mtoto wa miaka 12 aliyechoshwa na somo hili darasani alisimama akaanza kuuliza majahazi yaliingilia wapi na maji yalikuwa yanapwa saa ngapi.

Kurudi tunapanda boti ya Shela kwenda mjini. Miguu imeshafanya kazi yake.

Nahodha Kombo

Nimesoma yote. Mwenye watoto wakubwa kidogo, wa kuanzia miaka 9 au 10, asiishie hapo. Kuna njia ya kukata kisiwa kwenda Matondoni, kilomita 7 au 8, nayo ni mashamba vile vile. Kule mtaona madau na majahazi yakiundwa ufukweni: tezo ikichonga, keekee ikitoboa, mafundi wakikalafati, yaani wakiziba nyufa za mbao, kwa pamba iliyotiwa mafuta, na kina mama wakisuka mikeka kwa miyaa (majani ya mkoma). Bodaboda zipo kwenye njia hiyo, watoto washikwe mkono.

Ila ukitaka kurudi kwa bahari upange na mwezi. Siku za bamvua, za maji makubwa, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji ya asubuhi yanakuwa yamepwa kabisa kwenye saa 4 na saa 5, na hayajai mpaka saa 10 au 11 alasiri. Utakaa Matondoni na watoto wamechoka huku unaitazama mashua imelala ubavu kwenye matope. Chagua maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana: mwezi 9 na 10, au 23 na 24, kwa hesabu ya mwezi mwandamo. Siku hizo maji hujaa kwenye saa 4 na saa 5 za asubuhi. Unatembea kwa ubaridi, unafika, unatazama mafundi, unakunywa uji, unapanda mashua maji yamejaa hadi mizizi ya mikoko, unarudi mjini kabla ya adhuhuri. Mimi nimewachukua wengi waliohesabu tarehe za kalenda ya ukutani wakasahau mwezi. Maji hayasomi kalenda ya ukutani.

Mgeni wa Mokowe

Nahodha, hiyo ya mwezi 9 na 10 nimeiandika kwenye mlango wa kabati.

MamaWatatu

Wanajamvi, taarifa ya jana.

Tulikwenda watu 11, watoto 6. Alikuja Mwana wa Amu na wanawe wawili, akaja pia Msafiri wa Bara ambaye safari hii hakupotea. Tulishika njia ya kati. Salamu za Bibi wa Gardeni nilizifikisha. Mwenye shamba alisimama kimya muda, kisha akaingia ndani akatoka na mama yake mzazi, bibi wa miaka mingi, macho yake hayaoni vizuri. Akaulizia mtoto wa fundi wa majahazi kwa jina ambalo sitaliandika hapa. Akasema: mwambieni mdimu ulikufa lakini mbegu yake tuliipanda nyuma ya jiko. Akatupeleka. Mdimu upo, umezaa, na akatuchumia kikapu kidogo tumpelekee mwenzake.

Ndimu zile nilizifikisha jana jioni. Mimi nilikuwa nimeketi mlangoni nikimtazama Bibi wa Gardeni akiichukua moja, akaikwaruza ganda kwa ukucha, akaitia puani. Hakusema kitu. Kisha akauliza kama ni mbali sana kwa mtu wa umri wake.

Nimemwambia si mbali. Kwa hiyo Jumamosi ijayo tunakwenda tena, mpaka kisimani tu, hatufiki Shela. Nahitaji mwenye punda mpole, asiye na kidonda, na shogi zenye godoro.

KifuoChaBabu

Punda ninaye. Ni wa shambani kwangu, hajapata kumwangusha mtu. Shogi nitazishona upya kesho, na nitamshika kamba mwenyewe.

MamaWatatu

Alhamdulillahi. Basi Riyadha, saa 12 na nusu. Maji chukueni ya kwenda tu. Ya kurudi tutateka.